Shajara ya mradi: Kujifunza Kijapani peke yangu kwa karatasi za mnada wa magari, Mombasa

14 Januari 2024. Lengo na vifaa

Nafanya kazi kwenye yadi ya magari hapa Mombasa, magari yanayoshushwa Kilindini yakitoka Japani. Gari likinunuliwa mnadani kule huja na karatasi ya ukaguzi: ukurasa mmoja wenye mchoro wa gari, alama za herufi na namba juu ya mchoro huo, na maneno ambayo mkaguzi ameyaandika kwa mkono. Sisi huletewa tafsiri ya Kiingereza. Tafsiri hizo hutaja daraja, mileji na rangi, lakini yale maneno ya mkono, ambayo ndiyo yanayoeleza ugonjwa wa gari, hufupishwa mstari mmoja au huachwa kabisa. Nataka kuyasoma mwenyewe.

Malengo ni mawili. La kwanza, nisome karatasi ya mnada bila tafsiri. La pili, nifanye JLPT, mtihani wa kupima uwezo wa Kijapani, ngazi ya N5, mwezi wa Desemba. Mtihani huo una ngazi tano tangu 2010, N5 ikiwa ya chini na N1 ya juu, na kwa hapa Kenya hufanyika Nairobi.

Naandika shajara hii kwa sababu nimewaona wenzangu wengi wakianza Kijapani kwa moto mkali na kuacha pale kanji, zile herufi zenye asili ya China, zinapoanza. Sitaki kusoma kwa kutegemea hamu peke yake. Mpango wangu ni kuifunga lugha na kitu ambacho lazima nikishike kila siku kazini, kisha nione kama hamu itadumu.

Vifaa: simu ya Android, AnkiDroid, programu ya kadi za kukumbuka, ambayo ni ya bure, masomo ya Kijapani ya NHK WORLD-JAPAN, shirika la utangazaji la Japani, yaliyopo hata kwa Kiswahili, bure, na tovuti ya Minato ya Japan Foundation, ambayo ina kozi za kujisomea za bure. Nimenunua daftari za mraba kwa ajili ya kuandika herufi, shilingi 180. Kopi za karatasi za zamani natoa ofisini kwa ruhusa.

11 Februari 2024. Katakana kabla ya hiragana

Kijapani huandikwa kwa mifumo mitatu kwa pamoja. Hiragana na katakana zina herufi za msingi 46 kila moja, na kila herufi ni silabi. Kanji ni zile zenye asili ya China. Masomo karibu yote huanza na hiragana. Mimi nilianza na katakana kwa makusudi, kwa sababu katakana ndiyo inayoandika maneno yaliyotoka ng'ambo, na gari zima limejaa maneno hayo.

Hapa msemaji wa Kiswahili ana urithi wa bure. Vokali zao ni tano, zile zile zetu, na karibu kila silabi huishia na vokali. Neno la Kiingereza likiingia kwao hutiwa vokali kama tunavyolitia sisi. Sisi tuna breki, wao ブレーキ (burēki). Sisi injini, wao エンジン (enjin). Bampa ni バンパー (banpā), betri ni バッテリー (batterī), redieta ni ラジエーター (rajiētā). Nikiisoma katakana kwa sauti, polepole, nusu ya maneno hujitambulisha yenyewe kabla sijafungua kamusi. Ushindi huo mdogo wa wiki za mwanzo ulinipa nguvu kuliko sifa yoyote ya programu.

Kilichoshindikana: kadi zenye herufi za Kilatini pembeni. Jicho hukimbilia linalolijua, na herufi ya Kijapani hubaki pambo. Unaweza kupitia kadi hizo mwezi mzima ukadhani unasoma. Niliondoa Kilatini yote kwenye kadi na badala yake nikaweka sauti. Siku mbili tatu za kwanza kasi ilianguka, kisha ikapanda na kupita ile ya awali.

Kingine kilichosumbua ni シ na ツ, na ndugu zao ン na ソ. Kwa kutazama tu hazitenganishiki, hasa kwa mwandiko wa mkono. Dawa ni kuziandika. Katika シ (shi) na ン (n), vistari vifupi vimejipanga ubavuni kushoto, na mstari mrefu huanzia chini kupanda. Katika ツ (tsu) na ソ (so), vifupi vimejipanga juu, na mrefu huanzia juu kushuka. Mkono ukishajua mwelekeo, jicho hufuata.

Ubaya wa kuanza na katakana upo: mwisho wa sentensi karibu zote umeandikwa kwa hiragana, kwa hiyo masomo ya sarufi yalisimama mpaka nikaimaliza nayo. Anayefanya kazi ya magari, spea au umeme na aanze kama mimi. Anayetaka kusoma hadithi au kuzungumza aanze na hiragana kama kawaida.

24 Machi 2024. Ramadhani, na kuondoa hesabu ya mfululizo

Ratiba yangu ya jioni imekufa. Baada ya futari na tarawehe kichwa hakishiki kitu. Kadi niliyoijibu vizuri juzi naiangalia kama mgeni. Nimehamishia masomo baada ya daku, kabla ya alfajiri. Nyumba imetulia, simu hailii, na kichwa ni chepesi. Nadhani nitaubakisha muda huo hata baada ya Idi.

Jambo kubwa la mwezi huu ni lile la mfululizo. Nilikuwa natumia pia programu moja inayohesabu siku ulizosoma bila kukosa. Ilinisukuma kweli mwanzoni. Kisha meli mbili zikashusha magari kwa mpigo, nikashinda bandarini hadi usiku, na hesabu ikarudi sifuri. Kesho yake sikutaka hata kuifungua. Nilikuwa sijasahau herufi hata moja, lakini niliona kama kazi yote imefutwa. Chombo kinachokufanya ujione huna kitu wakati unacho si chombo cha kujifunzia. Nimekiondoa kwenye simu.

Badala yake nina siku za aina mbili. Siku ndefu ni saa moja: kadi, sarufi, kusikiliza. Siku fupi ni dakika kumi: kadi zilizofika zamu yake, na mstari mmoja wa karatasi ya mnada. Siku fupi ni siku kamili, haina aibu. Na deni la jana halilipwi leo. Ukianza kulipa madeni ya masomo, wiki mbili hazipiti utakuwa unakimbia daftari.

2 Juni 2024. Kanji: orodha ya shule ilishindwa, stika ya mlango ikafaulu

Serikali ya Japani ina orodha ya kanji za matumizi ya kawaida, 2,136 tangu marekebisho ya 2010. Nilianza kwa mpangilio wa watoto wa shule za kule: mlima, mto, mti, jicho, mkono. Ni nzuri na zina picha ndani yake, lakini nilikwenda kazini na kurudi bila kukutana nayo hata moja. Kanji usiyokutana nayo nje ya kadi haina pa kushika. Nilikuwa nazijua leo na kuzipoteza Ijumaa.

Nikageuza mpango. Nilichukua rundo la karatasi za mnada na kuandika kila kanji iliyojirudia. Orodha iliyotoka ni fupi ajabu, kwa sababu wakaguzi huandika mambo yale yale. Atakayetaka kunakili aanze na hizi:

有 na 無, ipo na haipo. Hizi hukaa kando ya 修復歴 (shūfukureki), historia ya kutengenezwa baada ya ajali iliyogusa fremu. 要 (yō) ikitangulia ni kwamba kitu kinahitajika: 要交換, kinahitaji kubadilishwa. 済 (zumi) ikifuata ni kwamba kimeshafanyika: 交換済, kimeshabadilishwa. Kwa 要 na 済 tu unajua kama betri inakusubiri wewe uinunue au mwenzako ameshainunua. 左 kushoto, 右 kulia, 前 mbele, 後 nyuma, 小 ndogo, 大 kubwa, 内 ndani, 外 nje. Kisha za kuogopwa: 走行不明, mileji haijulikani, 冠水, gari liliingiliwa na maji, 異音, mlio usio wa kawaida, オイル漏れ, mafuta yanavuja. Na 下廻りサビ, kutu chini ya gari. Hiyo ya mwisho hukutana nayo sana kwa magari ya Hokkaido na Niigata, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji. Sisi watu wa pwani tunajua chumvi inafanya nini kwa bati.

Katakana nazo zikaingia kazini: キズ mkwaruzo, ヘコミ bonde, ヨゴレ uchafu, コゲ alama ya kuungua, mara nyingi ya sigara kwenye kiti. Ni maneno ya Kijapani halisi, lakini wakaguzi huyaandika kwa katakana kwa sababu ni ya haraka.

Miaka ilinichukua muda. Karatasi huandika mwaka kwa enzi ya mfalme. Enzi ya Heisei ilianza 1989 na kuisha 30 Aprili 2019. Reiwa ikaanza 1 Mei 2019. Namba ya Heisei ongeza 1988, namba ya Reiwa ongeza 2018. Kwa hiyo 29年 ya Heisei ni 2017, na R2年 ni 2020. Kwetu hili si la kupitia juu juu, kwa sababu Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na mwaka huu mpaka ni gari lililosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2017. Tahadhari moja: R kwenye kisanduku cha daraja, juu ya karatasi, maana yake ni gari lililotengenezwa baada ya ajali. R iliyo mbele ya mwaka ni Reiwa. Ni herufi ile ile na habari mbili zilizo mbali kabisa.

Kilichoshindikana tena: mwandiko. Kadi zangu zilikuwa na herufi safi za kompyuta, na mkaguzi huandika amesimama, kwa haraka, 換 ikawa mikwaruzo mitatu. Nilijua kanji na sikuweza kuisoma. Dawa ilikuwa kupiga picha maneno yenyewe kwenye karatasi, kuyakata, na kuyaweka mbele ya kadi. Nyuma naweka herufi safi, sauti na maana. Kadi moja ya picha hunichukua dakika moja kutengeneza na haijanitoka kichwani tangu hapo.

Sasa stika. Warsha nyingi za Japani zikibadilisha mafuta ya injini hubandika kijistika kwenye fremu ya mlango wa dereva. Fundi wetu aliniita: "Bwana, hebu njoo uone, hapa pameandikwa nini?" Pameandikwa 次回オイル交換, ubadilishaji ujao wa mafuta, na chini yake kilomita. Kilomita hizo za stika zilikuwa mbele ya mileji iliyoonekana kwenye dashibodi kwa umbali mkubwa kuliko gari linaokwenda kati ya ubadilishaji mmoja wa mafuta na mwingine. Gari linawezaje kuwa limefika warsha na kilomita nyingi kuliko lilizonazo leo? Tukaitafuta karatasi halisi badala ya tafsiri, na kwenye maneno ya mkono mkaguzi alikuwa ameandika 走行不明 waziwazi. Aliyetafsiri hakuitia.

Gari lile tuliliuza kwa bei yake halali, na mnunuzi aliambiwa kila kitu. Tangu siku hiyo mafundi huniita kila wanapoona maandishi: stika za boneti zenye 注意, tahadhari, vifuniko vya tangi, vitabu vya huduma vilivyosahauliwa kwenye droo. Kuna watu wanaosubiri nijue. Hilo limenifanyia kazi kuliko ratiba yoyote niliyowahi kujipangia.

Gharama mpaka sasa: bando la intaneti ambalo ningelinunua hata hivyo, daftari nyingine, na kopi za rangi za karatasi chache, shilingi 400.

21 Julai 2024. Mlima wa marudio

Nilipakua fungu kubwa la maneno ya N5 lililotengenezwa na mtu mwingine, nikaliacha kwenye mpangilio wa mwanzo wa Anki: kadi mpya 20 kwa siku. Kwa wiki mbili ilikuwa raha. Wiki ya nne, marudio ya kila siku yalikuwa mengi mno kwa muda nilionao, na kila siku fupi iliyopita yaliongezeka. Nilikuwa nafungua programu, naona namba, nafunga.

Anayeanza aelewe hesabu yenyewe. Kadi mpya haiji mara moja. Hurudi kesho, keshokutwa, wiki ijayo, mwezi ujao. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka siku za mwanzo kisha kupungua kasi, na programu hizi zimejengwa juu ya wazo hilo. Ukiingiza kadi 20 leo umejifunga kuzirudia mara nyingi siku zijazo.

Nilichofanya, kwa mpangilio huu. Nilisimamisha kadi mpya zote mpaka rundo likaisha. Nikawasha FSRS, njia mpya ya kupanga marudio iliyoingia Anki mwishoni mwa 2023. Yenyewe hujifunza kutokana na majibu yako na kupunguza marudio yasiyo ya lazima. Nikaziondoa kadi sugu, zile ambazo Anki huzitia alama baada ya kuzikosa mara nane. Neno linalokataa hivyo halihitaji kurudiwa tena. Linahitaji sentensi, picha, au kusubiri. Mwisho nikarudisha kadi mpya kwa tano kwa siku, na lile fungu la kupakua nikalifuta, nikaanza kuchukua maneno moja moja kutoka kwenye somo ninalolisoma wiki hiyo.

Kadi tano zinaonekana chache. Zimeniacha nikiwa na nafasi ya kusoma sentensi.

8 Septemba 2024. Sarufi, na usajili wa mtihani

Nimejisajili kwa mtihani. Ada hubadilika, angalia tangazo la mwaka wako, na usichelewe: usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya Desemba.

Sarufi imekwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini baada ya kubadilisha lugha ya kufikiria. Nilikuwa nikisoma maelezo ya Kiingereza na kujaribu kukigeuza Kijapani kuwa Kiingereza. Kitenzi cha Kijapani kinamtisha Mwingereza kwa sababu hubeba viambishi vingi. Sisi tumezaliwa na vitenzi vya namna hiyo. 食べる (taberu) ni kula. 食べさせる (tabesaseru) ni kulisha. 食べさせられる (tabesaserareru) ni kulishwa, mtu akiwa hataki. Kiambishi cha kusababisha kinatangulia, cha kutendwa kinafuata, kama katika l-ish-w-a. Siku nilipoliona hilo niliandika vitenzi vya Kijapani na vya Kiswahili sambamba ukurasa mzima, na daftari hiyo ndiyo ninayoirudia.

Tofauti nazo zizingatiwe. Kitenzi chao hukaa mwisho kabisa, na kukanusha kuko mwishoni mwa kitenzi. Sisi tunakanusha mwanzoni, si-, ha-. Kwa hiyo ukimsikiliza Mjapani usikate shauri mpaka amalize. Na maelezo ya nomino yote hutangulia nomino: "gari nililonunua jana" kwao ni 昨日買った車, jana-nilinunua-gari.

Kilichonikwamisha ni は na が, alama mbili zinazofuata nomino. Nilisoma maelezo mengi juu yake, na kila moja liliniacha nimechanganyikiwa zaidi. Niliacha kusoma maelezo. Nilikusanya sentensi fupi kutoka kwenye masomo ya NHK na Minato, nikazinakili kwa mkono na kuzisoma kwa sauti kila alfajiri kwa wiki kadhaa. Bado siwezi kumfundisha mtu kanuni, lakini sasa sentensi yenye alama isiyo mahali pake hunikera sikioni, na kwa ngazi hii hilo linatosha.

Hesabu za vitu zina vitambulisho: 台 (dai) kwa magari na mashine, 枚 (mai) kwa vitu bapa, 本 (hon) kwa virefu vya mviringo, 人 (nin) kwa watu. Mwenye ngeli nyumbani haoni ajabu. Ugumu ni mabadiliko ya sauti, ippon, sanbon, roppon, na hayo huimbwa mpaka yakae.

27 Oktoba 2024. Masikio

Kusoma kumenitangulia mbali, na kusikiliza kumebaki nyuma. Nilijaribu filamu za katuni za Kijapani kwa sababu kila mtu huzisifu. Kwa N5 hazikunisaidia. Wahusika huzungumza kwa ukali au kwa mkato ambao mtihani hauutumii, wala huwezi kumwambia mteja, na kasi ni ya kumzamisha mtu. Nitazirudia nikiwa mbele zaidi.

Kosa kubwa la sisi wasemaji wa Kiswahili niligundulishwa na mwenzangu wa Nairobi, dada mmoja anayejiandaa kwa mtihani huo huo, ambaye tunatumiana ujumbe wa sauti kwa WhatsApp kila Jumamosi. Nilisema habari za shangazi yangu. Akanijibu, "Kaka, hapo umesema nyanya yako." おばさん (obasan) ni shangazi, おばあさん (obāsan) ni nyanya. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo bila sisi kujua. Kwa Kijapani urefu wa vokali hubadilisha neno, kwa hiyo mvuto wetu huo wa asili unazalisha maneno tusiyoyakusudia. ここ ni hapa, 高校 (kōkō) ni shule ya upili. きて ni njoo, きって ni stempu ya posta.

Dawa iliyofaa ni kugonga kidole kwa kila pigo: o-ba-sa-n manne, o-ba-a-sa-n matano, ki-te mawili, ki-t-te matatu, ule ukimya wa katikati nao ukiwa pigo kamili. Nilifanya hivyo nikisoma kila sentensi mpaka ujumbe wangu wa sauti ukarudi bila masahihisho.

Na magari yenyewe yakawa walimu. Kila dereva wa hapa ameisikia sauti ya mwanamke gari linapowashwa: ETCカードが挿入されていません. ETC ni mfumo wao wa kulipia barabara kuu kwa kadi, na sauti inasema kadi haijaingizwa. Miaka yote ilikuwa kelele tu. Ndani yake kuna kitenzi cha kutendwa, hali ya kuendelea na kukanusha, vyote katika sentensi moja inayorudiwa kwangu asubuhi nzima bila malipo. Ramani za gari nazo: この先、右方向です, mbele hapo, upande wa kulia. Nilirekodi sauti hizo kwa simu nikawa nazisikiliza kwenye matatu. Zinatamkwa polepole na kwa usafi ambao mwanafunzi wa ngazi ya chini anauhitaji hasa.

2 Desemba 2024. Mtihani

Mtihani ulikuwa jana Jumapili. Nilipanda treni ya SGR Ijumaa, daraja la kawaida shilingi 1,500 kwenda na vile vile kurudi, nikalala kwa jamaa.

N5 ina vipindi vitatu: maneno na maandishi dakika 20, sarufi na kusoma dakika 40, kusikiliza dakika 30. Yote ni ya kuchagua jibu. Hakuna kuandika wala kuzungumza. Atakayenakili mpango wangu ajue mambo mawili. Kanji za magari hazimo kabisa. 修復歴 haikuonekana, ila mlima, mto, mti na wiki zilikuwepo, zile nilizoziacha Juni. Nilizirudia Oktoba na Novemba, na kama si hivyo kipindi cha kwanza kingenishinda. Malengo yangu mawili yalivutana, na mwenye mtihani lazima atenge miezi miwili ya mwisho kwa maneno ya mtihani peke yake.

Pili, sauti ya kusikiliza hupigwa mara moja tu. Ukibaki unafikiria swali lililopita umepoteza mawili. Jibu, acha, songa.

26 Januari 2025. Matokeo

Nimepita. Jumla 112 kati ya 180. Alama ya kupita N5 ni 80. Lugha na kusoma 86 kati ya 120, kusikiliza 26 kati ya 60. Kila sehemu ina kiwango chake cha chini: 38 kwa ya kwanza na 19 kwa kusikiliza, na ukikosa kimoja unaanguka hata jumla ikiwa kubwa. Masikio yangu yalipita, ila hayakupita mbali. Yule dada wa Nairobi naye amepita, na kwa kusikiliza amenizidi sana. Yeye husikiliza kila siku akipika, mimi nilikuwa nasikiliza siku ndefu tu.

Nimefurahi kupita kiasi, na sioni sababu ya kulificha hilo.

9 Machi 2025. Gharama, na hatua ya sasa

Gharama zote kwa mwaka huo, bila ada ya mtihani na bando: daftari shilingi 540, kopi na picha shilingi 1,150, treni 3,000, chakula na matatu Nairobi kama 1,800. Programu na masomo yote yalikuwa ya bure. Kitabu cha kiada nilikiazima kwa wiki chache, na kwa N5 sikuhisi upungufu wa kutokuwa nacho. Kwa N4 nitanunua.

Lengo la kwanza nalo limetimia kwa sehemu kubwa. Karatasi za magari madogo nasoma bila tafsiri, isipokuwa mwandiko ukiwa mbaya mno. Malori bado, yana maneno ya kitanda, kreni na ekseli ambayo sijayakusanya, na picha za kwanza nimeanza kuzikata wiki hii. Mpaka wa usajili umesogea hadi 2018 tangu Januari, kwa hiyo kwenye Heisei tunaanzia 30. Nimebandika jedwali la enzi ukutani ofisini, na kijana wetu wa karani ameshaanza kulitumia bila kuniuliza.

Mabadiliko kwenye ratiba: kusikiliza kumehamia kwenye siku fupi. Siku fupi sasa ni kadi na dakika tano za taarifa rahisi za NHK kwa sauti, na mstari wa karatasi nimeuhamishia kazini, ambako unasomwa kwa lazima. Yule dada na mimi tumekubaliana N4 mwezi wa Desemba, na tumeongeza Jumatano kwenye ujumbe wa sauti. Maandishi yanayofuata yatakuwa ya malori na vitenzi vya N4, kama mwezi wa Juni.